Kiganja juu ya daftari

Nimetoka shuleni sasa hivi, Kiambu. Kikao cha tatu cha Shamiri.

Kwa wasioijua: ni mpango wa afya ya akili kwa wanafunzi wa sekondari, vikao vinne vya saa moja, wiki nne, vinaongozwa na sisi vijana tuliomaliza sekondari juzi tu. Hatuanzi na ugonjwa, tunaanza na kile mwanafunzi tayari anacho. Utafiti wa 2021 kwa wanafunzi 413 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata vikao hivi kuliko kwa waliofunzwa stadi za kusoma.

Leo tuliandika shukrani.

Mvulana ambaye hajatamka neno wiki mbili aliandika mstari mmoja, akaufunika kwa kiganja.

Kisha polepole, kidole kimoja kimoja, akaufunua.

“Asante shosho kwa kuniachia taa.”

(Ameniruhusu nisimulie.)

Bado nakiona kile kiganja.

Ninyi mkiwa kidato cha pili, nani aliwauliza mnajisikiaje?