Kisanduku cha babu na vyuma visivyo na jina

Aliyeniambia "piga msasa kwanza, kutu itoke" ndiye aliyeniharibia. Babu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Alifariki sijazaliwa, na kisanduku chake cha zana kilikaa uvunguni kwa shangazi hadi nilipokiomba. Ndani mlikuwa na tezo, na tezo nani asiyeijua? Vitatu vilinishinda: chuma bapa kilicho butu, kigogo cha shubiri moja chenye ncha ya chuma, na kibonge cha mti chenye kishimo upande mmoja.

Chuma bapa nilikidhania patasi iliyochoka. Nikakipiga msasa, nikakitia tupa jioni nzima mpaka kikawa kikali. Kumbe ni chembeu, ya kusindilia pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa baina ya mbao! Ubutu ndio kazi yake. Ikiwa kali hukata pamba. Hilo linaniuma hadi leo.

Kigogo sikuruhusu mtu akiguse. Muuza vitu vya kale mmoja alinishikilia kuwa ni cha uganga, akataka kunipa elfu moja na kitu. Lakini ile ncha ilikuwa imenolewa pande zote mbili. Mashine ya kutobolea hukata ikizunguka upande mmoja. Hii basi ilikuwa ikienda na kurudi. Nikanyunyiza unga wa ngano juu ya kigogo, nikapuliza polepole. Unga ukabaki kwenye mikwaruzo myembamba iliyokizunguka kiunoni, kama alama za kamba kwenye ukingo wa kisima.

Kumbe kamba! Nikapinda ufito kama upinde, nikaufunga uzi wa nailoni na kuuzungusha kwenye kigogo: ukateleza. Nikatia ukanda wa ngozi, ukashika. Kibonge kikakaa juu ya kigogo kama kofia, nikakikandamiza kwa kiganja, nikavuta. Ubao wa mwembe ukatoboka, unga wake ukitoka wa moto.

Nikavipeleka kwa fundi mmoja mzee, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Keke hiyo! Kigogo hicho ndio msukano, kibonge hicho ndio jivu, na uta wako huo mfupi."

Akanieleza kuwa ubao wa jahazi hutobolewa kwanza, ndipo msumari uliozungushiwa nyuzi za pamba zenye mafuta ugongwe. Bila tundu, ubao hupasuka.

Akauliza mwenyewe alikuwa nani. Nilipomtaja babu akanyamaza, akashika jivu, akavuta uta mpaka ncha ikatokea upande wa pili.