Tulivyokabidhi kompyuta za ofisi kwa kampuni ya nje, funguo tukabaki nazo

Kwa miaka mingi ofisi yetu ilimtegemea fundi mmoja wa kompyuta. Alikuwa hodari, lakini alikuwa peke yake. Akiugua, printa ya stoo inasubiri. Akienda likizo, mfanyakazi mpya anakaa bila akaunti ya barua pepe. Nywila zote alikuwa nazo kichwani, pamoja na sababu ya kila waya kupita ulikopita. Alipotuarifu kwamba anakwenda masomoni, mkurugenzi akaniita mimi, niliye meneja utawala, akanipa kazi ya kutafuta kampuni ya nje ya kutuhudumia. Mimi sikusomea TEHAMA. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliobebeshwa jukumu hili wakiwa kama mimi, kwa sababu nimeona linabebeka.

Kulikuwa na njia nyepesi: kila kitu kikiharibika tuite fundi, tumlipe kwa saa. Niliikataa mapema. Fundi wa namna hiyo hulipwa pale tu mambo yanapoharibika, kwa hiyo kazi ya kuzuia uharibifu inakosa mwenyewe. Kampuni inayosimamia mifumo kwa mkataba hulipwa kiasi kilekile kila mwezi, mara nyingi kwa hesabu ya watumiaji au vifaa, mpate shida msipate. Tatizo linalojirudia linawala wao muda, hivyo wana kila sababu ya kuling'oa na mizizi yake.

Kabla sijazungumza na kampuni yoyote, nilimwomba fundi wetu tukae pamoja tuandike kila tulichonacho. Kompyuta, umri wake na toleo la Windows lililomo. Seva, ruta na swichi za mtandao, printa. Leseni za programu na siku zinapokwisha. Jina la tovuti limesajiliwa na nani, kwa barua pepe ya nani. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna nyingine iliyotufaa kama hiyo. Tulikuta kompyuta kadhaa za Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tulikuta pia akaunti za watu walioacha kazi zamani zikiwa bado wazi. Daftari lile ndilo lililoniwezesha kulinganisha bei, maana kila kampuni ilikadiria mzigo uleule. Bila hilo, mmoja angeleta bei ndogo kwa sababu hakuihesabu seva, mwingine bei kubwa kwa sababu aliihesabu, na mimi nisingejua tofauti imetoka wapi.

Kwenye mkataba ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Karibu kila kampuni iliahidi kujibu ndani ya saa moja. Kujibu si kutengeneza. Mtu anaweza kukuandikia mara moja kwamba tiketi yako, yaani ombi lako la msaada lililosajiliwa kwao, imepokelewa, na kompyuta ikalala vilevile hadi kesho. Niliomba nyakati mbili ziandikwe waziwazi, wa kuanza kulishughulikia tatizo na wa kuirudisha huduma, tena zipangwe kwa uzito. Mfumo wa mauzo ukisimama, ofisi nzima imesimama. Suala hilo haliwezi kupanga foleni moja na mtu anayetaka kipanya kipya. Nikauliza pia: uzito huo anaupima nani? Tukakubaliana kwamba ni sisi, na wao wakiona tumezidisha watupigie tujadiliane. Kifungu hicho hakikuwemo katika rasimu ya kampuni hata moja. Ningekuwa na nafasi ya kudai kimoja tu, ningedai hicho.

Halafu kuna zile asilimia. Ahadi ya mfumo kuwa hewani asilimia 99.9 ya mwezi wa siku 30 ina maana unaweza kuzimika kama dakika 43 bila mtoa huduma kuvunja mkataba. Ikishuka hadi 99, muda huo unafika saa saba na zaidi. Kwa macho, tofauti haitimii hata asilimia moja. Uliza pia kama muda wa matengenezo yaliyopangwa unahesabiwa, na kama hesabu ni ya saa zote au za kazi tu. Kuhusu kazi zilizo nje ya malipo ya mwezi, kama kuhamisha ofisi, kuvuta nyaya mpya au kununua vifaa, tuliziorodhesha, tukaweka bei yake kabisa.

Umiliki sikuulegeza hata kidogo. Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la kampuni yetu, na barua pepe ya usajili haitumii jina hilohilo la tovuti. Siku likipata hitilafu, tusije tukakosa hata pa kupokea ujumbe wa kulikomboa. Katika huduma ya barua pepe tuna akaunti yetu ya msimamizi mkuu, nywila yake imo kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, pamoja na kifaa cha uthibitishaji wa hatua ya pili. Mafundi wa kampuni, kila mmoja ana akaunti yake. Hakuna akaunti ya pamoja, ili kumbukumbu za mfumo zionyeshe nani aliingia, lini, akafanya nini.

Wapo walioniona nimezidisha. Nilikuwa nimesoma yaliyotokea Julai 2021, wahalifu walipopenya katika programu ya Kaseya VSA, ambayo kampuni za huduma huitumia kusimamia kompyuta za wateja kutoka mbali. Kupitia watoa huduma kadhaa, mamia ya biashara zilikuta mafaili yao yamefungwa kwa fumbo na fidia inadaiwa. Huko Sweden, maduka ya Coop yalifungwa kwa mamia kwa kuwa mashine za malipo ziligoma, ilhali Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya. Mlango ulikuwa kwa anayewahudumia. Kwa hiyo kila kampuni iliyotaka kazi yetu niliiuliza: mnaingiaje kwenye kompyuta zetu, nani ana ruhusa, na mkivamiwa ninyi, mtatuarifu ndani ya muda gani? Kampuni moja ilinijibu kijuujuu, nikaiweka kando. Tuliyoichagua ilimleta fundi wake mkuu, akatuchorea ubaoni hatua kwa hatua, na muda wa kutuarifu ukaingia kwenye mkataba.

Nakala rudufu nazo zinahitaji mtu wa ndani mwenye wivu nazo. Kanuni inayotumika sana ni nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Tuliongeza sharti kwamba moja isifikike kupitia mtandao wa ofisi, ili programu haribifu ikiingia isiifute. Kisha tukaviuliza vitengo vyetu maswali mawili: mnaweza kupoteza kazi ya muda gani, na mnaweza kukaa muda gani bila mfumo? Uhasibu walisema nusu siku inavumilika, kwa kuwa risiti za karatasi zipo. Stoo walisema saa moja, si zaidi, maana mzigo unaingia na kutoka mfululizo. Majibu hayo ndiyo yaliyopanga nakala zichukuliwe mara ngapi. Yasingetoka kwa mtoa huduma, kwa sababu hajui risiti zetu wala stoo yetu.

Kila robo ya mwaka tunafanya jaribio la kurejesha, na faili la kurejeshwa nalichagua mimi siku hiyohiyo. Jaribio la kwanza data yote ilirudi salama, lakini programu ya uhasibu ikakataa kufunguka, kwani leseni yake ilikuwa imefungwa kwenye seva ya awali. Nilishukuru kwamba tumeligundua mchana wa amani, mwenye programu anapatikana kwa simu.

"Dada, sasa kompyuta ikigoma nampigia nani?" mhasibu wetu aliniuliza wiki ile tulipoanza. Swali la haki kabisa. Watu walizoea kumwita fundi kwa jina wakiwa mezani pao, na sasa wanaambiwa wafungue tiketi. Niliketi na kila kitengo, tukafungua tiketi za kwanza pamoja, mpaka wakaona kwamba zinajibiwa kweli. Kijana mmoja wa stoo anayependa mambo ya kompyuta tulimfanya kiungo: ndiye anayeidhinisha maombi ya ununuzi na kufuatilia yaliyokwama. Tulikubaliana pia kwamba nywila haibadilishwi kwa simu tu. Kampuni inampigia mhusika kwa namba iliyo kwenye rejesta yetu kwanza, kwa sababu matapeli hujifanya mafundi, na hujifanya wafanyakazi vilevile. Mtu akiacha kazi, fomu inatoka kwangu, na akaunti inafungwa siku hiyo.

Mara moja kwa mwezi tunakutana nao. Idadi ya tiketi zilizofungwa siisomi kwa muda mrefu; naangalia zinazojirudia. Kuna kipindi malalamiko ya intaneti nzito yalikuwa yakija mchana, siku baada ya siku, na kila tiketi ilifungwa kwa kuwa hali ilitengemaa yenyewe jioni. Tulipozipanga kwa saa ndipo ilipoonekana kwamba nakala rudufu ilikuwa ikipakiwa kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, katikati ya saa za kazi. Ratiba ikahamishiwa usiku, malalamiko yakaisha.

Kuachana tuliandika tukiwa bado tunaelewana vizuri. Notisi ya muda gani, data itarudishwa katika muundo gani unaosomeka, nywila zitakabidhiwaje, na kwamba watamsaidia mtoa huduma atakayewafuata. Michoro ya mtandao na maelezo yote ya mifumo ni mali yetu, na kila robo napokea nakala mpya. Naisoma. Nisipoelewa mstari, nauliza, na wamezoea maswali yangu.

Sasa tunajadili mkataba wa mwaka unaofuata. Nimeomba jaribio la kurejesha lihusishe seva nzima badala ya faili nitakalochagua, lifanyike nje ya saa za kazi, na watu wa uhasibu wawepo kuthibitisha kwamba hesabu zinafunguka na kulingana. Kampuni imekubali, ila inataka kulipwa kwa saa za usiku. Nadhani wana haki, na nimemwandikia mkurugenzi kuomba fungu hilo.