Vipande vya zile mbao za Musa

Kuna kitu nimekisoma kwa marabi wa Kiyahudi na hakinitoki kichwani. Wote tunajua Musa alishuka mlimani akakuta watu wanacheza mbele ya ndama wa dhahabu, akazitupa zile mbao za mawe zikavunjika, afu Mungu akamwambia achonge zingine. Sawa, ila vile vipande vilienda wapi? Mi nilikuwa nadhani viliachwa palepale chini ya mlima. Kumbe Talmudi, yaani mkusanyo wa mafundisho ya hao marabi, inasema viliwekwa ndani ya Sanduku la Agano pamoja na zile mbao nzima, yaani Waisraeli walizunguka nazo jangwani zote, nzima na zilizovunjika, kwenye sanduku moja!

Na marabi wakatoa hapo fundisho linaloniliza kila nikilisoma: mheshimuni mzee aliyesahau elimu yake bila kupenda, maana hata vipande vilikaa Sandukuni.

Babu yangu alikuwa mwalimu miaka mingi. Siku hizi ananiuliza jina langu mara tatu kabla chai haijapoa, na mwanzoni nilikuwa namsahihisha, namkumbusha, nataka arudi kuwa yule wa zamani, nikishindwa natoka nje nalia. Sasa hivi nakaa tu. Jana kaniita kwa jina la marehemu kaka yake, nikaitika "naam", akanishika mkono akaanza kunihadithia mambo ya shambani kwao walipokuwa wadogo, tukakaa mpaka giza likaingia.