Waliniambia kioo kimekufa, kumbe ni waya tu

Hili suala bado linanikera. Kila niliyemuonyesha laptopu yangu alikuwa na jibu lilelile, kioo kimekufa nunua kingine, na wengi wao hata hawakuigusa. Mtu anaona mistari kwenye skrini, anatikisa kichwa, anataja bei. Mwingine akasema ni kadi ya grafiki, yaani sehemu inayochora picha, eti nitoe madabodi (bodi kuu ya kompyuta) niioke kwenye oveni ili lehemu iyeyuke ishike upya. Jamani msifanye hivyo, ile bodi ina vipande vya plastiki na kapasita ambazo hazitaki moto wa namna ile, na hata ikiamka huwa haikai muda mrefu.

Shida yenyewe ilianza na picha kucheza-cheza, baadaye ikaja mistari ya rangi imesimama wima upande wa kulia, halafu kuna siku inakuwa giza kabisa ila feni inazunguka na muziki unaendelea kupiga kama kawaida. Hapo ndo nikajiuliza, kama kompyuta inafanya kazi na sauti inatoka, picha inapotelea wapi njiani?

Nikaanzia kwenye programu kwa sababu huko hakuna gharama. Ukibonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, skrini inapepesa na draiva ya grafiki, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya grafiki, inajiwasha upya, wengine hupona hapohapo. Mimi wapi. Nikafungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi, nayo ikatetemeka pamoja na vitu vyote, ikimaanisha sio programu moja inayosumbua, maana ingekuwa hivyo Task Manager ingetulia yenyewe. Basi nikaivalia njuga draiva. Nikaitoa kwa kuingia hali salama (Safe Mode, Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), nikapakua mpya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, ikatulia nikashangilia, baada ya muda ikarudi. Nikarudisha ya zamani, ikatulia, ikarudi. Nikazima ule mpangilio unaopunguza matumizi ya umeme kwenye skrini, nikabadilisha kasi ya kuonyesha picha, hadithi ikawa ileile, inatulia halafu inarudi. Baadaye sana ndo nikaelewa kwa nini ilikuwa inatulia: wakati wote wa kuhangaika na draiva, laptopu ilikuwa imekaa mezani na kifuniko hakijaguswa.

Sasa njoo kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mistari ikiwa imejaa nikapiga skrinishoti nikaituma kwenye simu. Nikaifungua, picha safi, hata mstari mmoja hakuna! Skrinishoti inachukua picha jinsi kompyuta ilivyoichora, kabla haijasafiri kwenda kwenye kioo. Ingekuwa mistari imeingia mpaka kwenye skrinishoti ningeanza kushuku draiva au kadi ya grafiki. Haikuingia, basi ugonjwa uko mbele zaidi, kwenye waya au kioo chenyewe. Kipimo hiki hakidai bisibisi wala hela, na katika wote walionishauri hakuna aliyekitaja.

Nikathibitisha kwa kuunganisha monita ya nje kwa waya wa HDMI, nikabonyeza Windows na P, nikachagua kurudia skrini, monita ikawa safi huku kioo cha laptopu kimejaa mistari. Halafu nikaingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, mistari ilikuwepo hata huko ambako Windows yenyewe haijaamka. Draiva ikaachiliwa huru.

Kikabaki kioo au waya. Nikafungua kifuniko polepole sana, nikafunga, nikafungua tena, na kila nikifika pembe fulani mistari inatoweka, nikisogeza kidogo tu nyuma inarudi. Nikabandika karatasi ubavuni nikachora alama, na kila nikirudia ni palepale. Nikabonyeza kingo za kioo taratibu kwa kidole, hakuna kilichobadilika. Kioo kibovu hakijali umefungua kifuniko kiasi gani, ila waya unaopita kwenye bawaba unajali sana, maana unapindwa kila siku unapofungua na kufunga.

Kabla hujagusa huo waya chomoa chaji na uchomoe betri ndani, tafadhali, sio kuzima tu. Waya huo unabeba pia umeme wa taa ya nyuma ya kioo, ukipiga shoti unaweza kuunguza fyuzi ndogo kwenye madabodi na hapo sasa utakuwa na giza la kweli. Fremu ya mbele nilibandua kwa kadi ya plastiki. Nyuma ya kioo, chini, kuna kiunganishi chembamba kimefunikwa tepu, na tepu yangu ilikuwa imekauka, imeachia upande mmoja, kiunganishi kimekaa upande. Ukiufuata waya hadi kwenye bawaba unakuta umetoka kwenye mfereji wake na umebonyea pale unapobanwa. Bahati haukukatika, ungekatika ningeagiza waya mwingine kwa namba ya modeli, na bado ni rahisi mno ukilinganisha na kioo. Nikaupanga kwenye mfereji, nikachomeka kiunganishi sawasawa, nikaweka tepu mpya ile ya rangi ya kaharabu inayovumilia joto. Gharama? Tepu. Nikaifungua na kuifunga mpaka nikachoka, mistari haijarudi hadi leo.

Ikiwa yako ni giza tupu tangu unapowasha, jaribu kwanza kuchomoa chaji na betri kama inatoka, ushikilie kitufe cha kuwashia kama sekunde 30, kisha uwashe. Ramu (kipande cha kumbukumbu ya kompyuta) iliyolegea nayo inaleta giza, itoe uirudishe. Na usiiweke juu ya laptopu nyingine au karibu na sumaku, kuna kitambuzi kinachodhani umefunga kifuniko kikazima kioo.

Binamu yangu alikuja na yake ikiwa giza, nikazima taa nikamulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni, ikoni zikaonekana kwa mbali. Picha ipo, mwanga wa nyuma ndo haupo. Waya wake ulikuwa mzima na fyuzi nzima, kwa hiyo yeye alihitaji kioo kweli. Tukageuza kile cha zamani tukapiga picha lebo ya nyuma, maana laptopu za jina moja zinaweza kuwa na vioo tofauti, kuna vya pini 30 na vya pini 40, na vishikizo vya pembeni navyo havifanani. Akamtumia muuzaji ile picha ya lebo, kikaja kinachofanana, tukakifunga wenyewe.