Ujira Uliozuiwa
Somo: Yakobo 5:4

Wapendwa katika Bwana, Yakobo anatuambia kwamba ujira uliozuiwa kwa hila hupiga kelele, na kwamba vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Juma hili tumtafakari askari aliyelia kilio hicho kwa kalamu.

James Henry Gooding alikuwa Mweusi huru, baharia wa meli za kuvua nyangumi kutoka New Bedford, ambaye mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimepamba moto, alijiunga na Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari Weusi wa jeshi la Kaskazini. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama askari wengine, lakini serikali ikawapangia 10 na kukata 3 za mavazi. Tarehe 28 Septemba, wenzake wengi wakiwa wamekwisha kuuawa katika shambulio la Fort Wagner, ngome ya jeshi la Kusini, koplo huyo alimwandikia Rais Lincoln akiuliza: je, sisi ni askari au ni vibarua?

Jimbo la Massachusetts lilijitolea kuwaongezea kilichopungua. Wakakataa hata hicho, wakatumika mwaka mzima na zaidi bila kupokea senti, huku wake na watoto wao wakitaabika nyumbani. Wengi wetu tungepokea na kumshukuru Mungu. Wao walitambua kwamba hisani hailipi deni la haki. (Nasi tunaompa msaidizi wa nyumbani kitenge cha Krismasi huku tumekalia mshahara wake, tutajibu nini?)

Bunge la Marekani lilisawazisha mishahara Juni 1864. Gooding, aliyejeruhiwa na kutekwa katika mapigano ya Olustee mwezi Februari, alifia katika kambi ya mateka ya Kusini iliyoitwa Andersonville tarehe 19 Julai, kabla kikosi chake hakijalipwa. Tena sheria ile iliwapa malimbikizo yote, tangu siku ya kuandikishwa, wale tu waliokuwa huru tarehe 19 Aprili 1861, siku za mwanzo wa vita, ilhali kikosini walikuwamo waliokuwa bado watumwa siku hiyo. Kanali Edward Hallowell, kamanda wa kikosi, akatunga kiapo: kila askari aape kwamba kufikia tarehe hiyo hakuwa na deni la kumfanyia mtu yeyote kazi bila ujira. Waliotoka utumwani wakaapa pamoja na wenzao, wala hawakusema uongo, kwa maana mbele za Mungu hakuna bwana aliyewahi kuwa na haki ya kudai jasho lao bure.