Siku moja maishani mwangu: mgawa maji wa ndiva, Upare Kusini

Saa 10:30 alfajiri

Naamka mapema si kwa bidii, ni kwa kuogopa simu. Nikichelewa kidogo tu, wenye zamu wanaanza kupiga, na Mpare akianza kudai haki yake hakati simu. Mke wangu ameshabandika chai yenye tangawizi ya Mamba Miamba, ile inayokwangua koo. Nakunywa nimesimama, nabeba chepe, panga na tochi, naanza kupanda.

Kwa msiotoka kwetu: ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, limechimbwa ubavuni mwa mlima. Usiku linakinga maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa yashuke kwa mkupuo. Kijito chetu hapa bonde la Vudee, wilayani Same, kikiachwa kitiririke chenyewe mchana kinamezwa na mchanga kabla hakijafika mashamba ya chini. Ndiva nyingi za milima hii zilichimbwa na koo zamani hizo, kwa majembe na mikono.

Saa 12 asubuhi

Nachomeka mti wangu wa kupimia. Maji hayajafika alama ya tatu. Vuli imetutupa njiani: mahindi yanatoa mbelewele, mvua imekata, na kila mtu anaamini shamba lake ndilo linalokufa. Hapo hapo napunguza zamu za leo kutoka sita hadi nne.

Kisha navua shati na kuingia. Baridi yake siielezi. Tundu la kutolea maji liko chini, limezibwa kwa gogo refu lililoviringishiwa matambara na maganda ya mgomba. Gogo halivutwi, linazungushwa. Ukilivuta kwa pupa matambara yanabaki ndani, maji yanatoka kama mkojo wa mbuzi, na asubuhi yote imeharibika. Nazungusha kushoto, kulia, nasikia limelegea, nanyanyua. Ndiva inaguna. Mfereji unajaa kwa kishindo, mwanzoni tope jeusi na majani, kisha maji yenyewe.

Saa 1 hadi saa 4

Natembea nayo. Mgawa maji haketi. Naondoa matawi, naziba mashimo ya panya kwa udongo, naangalia yasipasue ukingo. Kila kona ya mfereji huu ina jina lake kwa Chasu, lugha yetu Wapare, na kila jina lina sababu: pale palipobomoka, pale alipozaliwa fulani. Mtu akinipigia kwamba maji yanavuja, ananitajia kona, na miguu inanipeleka yenyewe. Mwanangu wa darasa la sita anaielewa Chasu ila hujibu kwa Kiswahili, kama wenzake wote. Likizo namleta huku kwa makusudi. Hizo kona hazimo kwenye ramani yoyote.

Zamu zinapangwa na kamati. Kwetu Wasabato ni wengi, kwa hiyo Jumamosi hawapangwi. Walutheri hawaipendi Jumapili. Waislamu Ijumaa mchana waachie. Ukimaliza kupanga bila mtu kununa, wewe unafaa kuwa mbunge. Zamani muda wa zamu ulipimwa kwa kivuli, siku hizi ni saa ya simu, na ubishi haujapungua hata chembe.

Saa 5

Mama wa shamba la tatu anapiga: "Baba, maji yamekuwa membamba." Napanda tena. Mita kama mia mbili juu, nyuma ya kichaka, nakuta ukingo umetobolewa na mpira wa bustani umechomekwa, umefukiwa vizuri kwa majani. Mwisho wa mpira kuna nyanya. Nzuri sana, sitasema uongo.

Mwenye nyanya ni kijana aliyerudi kutoka Dar. Wazee watatu wa kamati wanakusanyika chini ya mti, na kesi inaendeshwa kwa Chasu, taratibu, kila mmoja akianzia mbali: babu yako alichimba wapi, baba yako alikosa msaragambo upi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Kijana anajibu kwa Kiswahili. Mzee mmoja anamwambia arudie kwa lugha ya nyumbani, maana kwa Kiswahili anaonekana anasoma barua. Anajaribu. Anakwama, watu wanacheka, naye anacheka, na hasira yote inapungua hapo. Nimeona hivyo mara nyingi. Katibu wetu, dada mmoja makini, anaandika muhtasari kwa Kiswahili, kwa sababu tangu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 kuna mambo ya jumuiya za watumia maji na vibali, na karatasi haziandikwi Chasu.

Enzi za mababu faini ingekuwa dengelua, pombe yetu ya kienyeji, na waamuzi wangeinywa hapo hapo. Leo ni kazi: msaragambo miwili ya kuzoa tope ndivani. Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Watacheka sana, lakini hawa ndio watu waliofurika Same mwaka 1945 kupinga mbiru, kodi ya enzi za mkoloni, na baadaye kodi hiyo ikaondolewa. Kubishana tunakujua.

Saa 8 mchana

Makande. Nalala nusu saa.

Saa 10 jioni

Naenda chanzoni. Juu ya kijito kuna msitu mdogo ambao hakuna anayekata hata kuni. Misitu kama hii Upare ilihifadhiwa kwa mila: mpungi, mahali patakatifu pa ukoo, na mshitu, msitu wa jando. Wengi wetu leo ni watu wa kanisani au msikitini na hatutambiki, ila panga bado halinyanyuki humo. Mimi namshukuru yeyote aliyeweka woga huo, maana bila miti hiyo mti wangu wa kupimia ungebaki mkavu.

Saa 12 jioni

Narudisha gogo, nafunga matambara mapya, naelekeza kijito ndivani. Kisha natuma zamu za kesho kwenye simu. Wa kwanza kupiga ni kijana wa nyanya: je, anaweza kumtuma mdogo wake kwenye msaragambo? Nikamwambia hilo si langu, awaulize wazee. Kimya kidogo. "Kwa Chasu?" Kwa Chasu, ndugu yangu.