Nilivyopanga bei ya mchezo mfupi wa riwaya

Hadithi ilipokamilika, nilibaki na swali gumu: mchezo mfupi uuzwe bei gani? Nazungumzia michezo ya kompyuta ya aina ya riwaya, ile inayosomwa zaidi ya kuchezwa, yenye picha za wahusika, muziki na mahali pa kuchagua njia. Wanunuzi wengi huipima kwa saa, kwa hiyo nilianza na saa.

Nimeutengeneza kwa Ren'Py, programu ya kutengenezea michezo hii, ambayo ina ukaguzi unaohesabu maneno yote ya hati. Yangu yalikuwa kama 40,000. Ukikadiria kwamba mtu husoma maneno 200 hadi 250 kwa dakika, hizo ni saa tatu hivi. Lakini hesabu hiyo haijali matawi. Msomaji hupita njia moja kwanza, na akirudia huyaruka aliyokwisha kuyasoma. Nikapima kila njia peke yake: karibu maneno 22,000, yaani saa moja na nusu.

Hapo ndipo penye ugumu kwa anayeuza Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta. Mnunuzi anaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 ikiwa amecheza chini ya saa mbili. Anaweza kufika mwisho mmoja kabisa na bado akarudishiwa. Nilishauriwa nirefushe hadithi ivuke mpaka huo. Nilikataa, na ningekataa tena. Maongezi ya kujazia humchosha yuleyule msomaji aliyekuja kwa ajili ya hadithi. Isitoshe, gharama yangu kubwa ilikuwa michoro, na mandhari ya chumba kimoja hulipiwa mara moja, wahusika wakiongea humo dakika tano au saa nzima. Saa hazisemi mchezo umegharimu nini.

Kwa bei nilitumia VNDB, hifadhidata ya mtandaoni ambako michezo hii hupangwa kwa urefu: chini ya saa 2, saa 2 hadi 10, na kuendelea mpaka zaidi ya 50. Nilijilinganisha na makundi mawili ya kwanza tu, tena kwa bei zao za kawaida, si za msimu wa punguzo.

Kisha nikapiga hesabu kutoka chini. Steam kwa kawaida huchukua asilimia 30. Ukiuza kwa punguzo la asilimia 30, katika kila 100 ya bei kamili unabaki na 49, kabla ya kodi. Bei niliyochagua ni ile ambayo hiyo 49 bado ingenilipa. Niliuweka itch.io pia, duka jingine la mtandaoni, ambako muuzaji ndiye anayeamua mgawo wa jukwaa, na mnunuzi akipenda huongeza juu ya bei.

Katika maelezo ya mchezo, mstari wa kwanza kabisa, niliandika: saa moja na nusu kwa njia moja, karibu tatu ukitaka miisho yote. Wapo walioomba pesa zao, lakini walionunua na kubaki nao huzungumzia wahusika, na urefu hawautaji.